Gilbert Walker, Mtu Aliyeihesabu Mvua

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, siku chache baada ya bumu kutoka, mama alinipigia simu kutoka Handeni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa ya wastani hadi juu ya wastani, naye alitaka nimwongezee hela ya mbegu ili apande shamba lote, siyo nusu kama alivyozoea. Nikatuma. Mvua ilianza mapema, mahindi yakaota vizuri, halafu ikakata kwa siku 23. Iliporudi ilinyesha kama imetumwa, ikachukua hadi daraja la miti pale bondeni. Tulivuna debe nne.

Kilichoniuma siyo debe nne tu. Ni kwamba mtu ukikaa ukajumlisha milimita zote za msimu ule, utabiri ulikuwa sahihi. Vuli ilikuwa ya wastani kweli. Ni mahindi ndiyo hayakuambiwa.

Basi nikaingia maktaba nikiwa na hasira, nikitafuta ni nani hasa alianza hii kazi ya kuutabiri msimu mzima kabla haujafika. Nilitegemea kukuta mpiga ramli aliyevaa suti. Nikamkuta mtu anaitwa Gilbert Walker, na kadiri nilivyosoma habari zake ndivyo hasira ilivyopungua, ingawa haijaisha.

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, akakulia Croydon, karibu na London, ambako baba yake alikuwa mhandisi. Tangu shule alikuwa mtu wa hesabu, na hasa alipenda vitu vinavyozunguka: pia, magurudumu, chochote kinachojisimamisha kwa kasi yake chenyewe. Akaenda Cambridge, Chuo cha Trinity, na mwaka 1889 akatoka wa kwanza kati ya wote waliofanya mtihani wa mwisho wa hisabati. Pale kwao enzi hizo matokeo yalipangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kutangazwa hadharani, na aliyeongoza alijulikana nchi nzima. Tuliopata kusoma matokeo yetu ukutani tukiwa tumesimama nyuma ya wenzetu tunaelewa kidogo hali ya pale, japo kutoka upande wa pili wa orodha.

Mwaka uliofuata akaanguka. Afya yake iliharibika kabisa kutokana na kusoma kupita kiasi, ikabidi aende Uswisi, ambako alikaa majira ya baridi matatu akijiuguza. Huko akajifunza kuteleza juu ya barafu na akakipenda kitu hicho maisha yake yote. Ninalitaja hili kwa makusudi. Mtu aliyekuwa bora kuliko wote katika nchi nzima aliuzima ubongo wake mwenyewe kwa mitihani, na kilichomrudisha ni kucheza.

Aliporudi alifundisha hisabati Trinity, na watu wakamjua kwa jambo moja la ajabu. Mchana alikuwa akitoka kwenda kwenye viwanja vya nyasi vilivyo nyuma ya vyuo, kando ya mto, kurusha bumerangi, kile kipande cha mti kilichopindwa ambacho wenyeji wa Australia hukirusha na kikazunguka angani. Alirusha hadi akabandikwa jina la utani la Bumerangi Walker. Lakini hakurusha tu. Alitaka kujua kwa nini kinarudi. Akakaa na milinganyo, na mwaka 1897 akachapisha makala ndefu ya kisayansi juu ya mwendo wa bumerangi. Baadaye akaandika pia juu ya hisabati ya michezo kwa ajili ya ensaiklopidia kubwa ya Kijerumani, na mwaka 1899 akashinda Tuzo ya Adams ya Cambridge kwa kazi ya sumaku na umeme. Hadi hapo hajagusa hali ya hewa hata siku moja.

Sasa tumwache kidogo tuhamie India, maana huko ndiko kulikokuwa na moto.

Mvua ya India inakuja kwa upepo tunaoufahamu. Ni kusi. Ule upepo unaoanza kupiga pwani yetu Aprili, unaotuletea masika na kuwarudisha wenye majahazi makwao Arabuni na Gujarat, ukivuka ikweta mbele ya pwani ya Somalia hupinda kulia, unabeba maji ya Bahari ya Arabu na kufika Kerala karibu tarehe 1 Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba unamwaga sehemu kubwa kabisa ya maji yote ambayo India itapata mwaka huo. Hata jina la monsuni ambalo Wazungu wanalitumia limetoka kwenye neno la Kiarabu la mawsim, ndugu wa damu wa msimu wetu. Kwa wastani nchi nzima hupata takriban milimita 870 katika miezi hiyo minne. Miaka mingi haipishani na wastani huo kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini, jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba ukipungukiwa hiyo asilimia 10 tu unaitwa mwaka wa ukame. Na ndani ya msimu huohuo mvua inaweza kusimama wiki mbili au tatu bila kuaga, kama ilivyofanya Handeni.

Mwaka 1877 ilikosekana kwa kiasi kikubwa mno. Njaa iliyoanza mwaka mmoja nyuma yake kusini mwa India ikaendelea hadi 1878, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 5. Hapa niseme wazi, kwa sababu wengine wanaisimulia habari hii kana kwamba mawingu ndiyo yaliyoua. Katika miaka hiyohiyo nafaka iliendelea kupakiwa kwenye meli kwenda Uingereza, na serikali ya kikoloni iliwapa wenye njaa kazi za sulubu kwa chakula ambacho kisingemtosha mtu aliyelala. Mvua ilikosekana, lakini ukosefu wa mvua peke yake haumalizi watu milioni 5.

Hata hivyo serikali ilipata mshtuko, siyo kwa huruma tu. Kodi ya ardhi ilitoka mashambani, na bajeti nzima ya India ilikuwa kama kamari juu ya mvua. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeanzishwa 1875 chini ya Henry Blanford, naye sasa akaulizwa kama kuna njia ya kujua mapema. Blanford aligundua kwamba theluji ikiwa nyingi milima ya Himalaya mwishoni mwa majira ya baridi, mvua ya monsuni huwa hafifu. Mwaka 1886 akaanza kutoa utabiri rasmi wa msimu. Aliyemfuata, John Eliot, akaupanua hadi ukawa kijitabu kizima chenye maelezo ya mikoa na miezi. Kisha mwaka 1899 Eliot akatabiri mvua nzuri kuliko kawaida. Ukaja ukame mbaya, na njaa nyingine ikaua watu wengi. Magazeti yakamshukia, na kwa miaka michache serikali ikaufanya utabiri kuwa siri ya maofisa.

Hicho ndicho kiti alichoachiwa Walker mwaka 1904. Alikuwa mwanahisabati wa bumerangi, hajawahi kuendesha hata kituo kimoja cha kupimia mvua, na sasa ni Mkurugenzi Mkuu wa Vituo vyote vya Uchunguzi vya India, makao yake Simla, mlimani. Wapo waliojiuliza anafanya nini pale. Nadhani yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Alichokifanya ndicho kilichonifanya nikae naye. Waliomtangulia walianza na nadharia: theluji inapoza ardhi, ardhi iliyopoa haivuti upepo, na kadhalika. Walker aliona kwamba hewa ya dunia ni ngumu mno kwa hesabu za wakati wake, kwamba hakuna aliyekuwa na milinganyo ya kuutoa msimu kutoka kwenye kanuni za fizikia. Basi akaamua kuacha kujifanya anajua sababu. Angekusanya takwimu za dunia nzima, mgandamizo wa hewa, joto, mvua, mafuriko ya Mto Nile, kina cha theluji, na angeziuliza zenyewe ni nani anakwenda sambamba na nani. Mvua ya India ni ya India, lakini habari zake huenda zinapita kwanza Argentina.

Na kweli zilipita. Miaka michache baada ya kufika alikuwa na mlinganyo wa kutabiria mvua ya msimu wenye mambo manne ndani yake. La kwanza ni theluji ya Himalaya, urithi wa Blanford. La pili ni mgandamizo wa hewa kisiwani Mauritius. La tatu ni mgandamizo wa hewa Amerika ya Kusini. La nne, wasomaji, ni mvua ya masika ya Zanzibar.

Nilipolisoma hilo nilisimama. Kule Simla, chini ya milima ya theluji, makarani wa Kihindi walikuwa wanasubiri hesabu za ndoo ya mvua ya Unguja za Aprili na Mei ili kumwambia mkulima wa Deccan kama atavuna. Masika yakiwa makubwa Zanzibar, ilikuwa ishara mbaya kwa India: kana kwamba kusi imeshusha mzigo wake mapema, karibu na ikweta, badala ya kwenda nao kaskazini. Babu zetu waliokuwa wanalalamika kwamba karafuu haziwezi kukauka kwa mvua hawakujua kwamba malalamiko yao yanaingizwa kwenye mlinganyo.

Makarani hao wanastahili sentensi zao. Hakukuwa na kompyuta. Kila namba ya uhusiano kati ya kituo kimoja na kingine ilitafutwa kwa mkono, kuzidisha, kujumlisha, kutafuta kipeo cha pili, tena na tena kwa miaka ya takwimu za vituo vingi. Walker alikuwa na akili ya kuona hesabu ipi ifanywe. Waliozifanya ni kundi la wafanyakazi wa Kihindi waliokaa kwenye madawati miaka na miaka. Makala zikatoka kwa jina lake. Hadithi hiyo siyo ngeni kwa yeyote aliyewahi kumkusanyia mhadhiri dodoso.

Lakini kuna kitu alikiona mapema kuliko wengi, na ndicho kinachomtofautisha na wapiga ramli. Ukitafuta uhusiano mia, baadhi utaonekana mkubwa kwa bahati tu. Chukua darasa la watu 50, wape maswali 10 ya kweli au si kweli kuhusu somo ambalo hawajasoma kabisa, wakisie. Ni karibu hakika kwamba angalau mmoja atapata 8. Ukimwona huyo wa 8 peke yake utasema ni kipaji. Mwaka 1914 Walker aliandika makala ya kutahadharisha juu ya jambo hilohilo: yule uliyemchagua kwa sababu ni bora katika kundi hupaswi kumpima kwa kipimo cha mtu uliyemkuta peke yake njiani. Uongeze ukali kadiri kundi lilivyokuwa kubwa. Leo kuna watu wanaotetea tasnifu bila kulijua hilo, na sitataja kitivo.

Vilevile alikataa kuichukulia India kama shamba moja. Mvua ya kaskazini-mashariki haiendi na ya kaskazini-magharibi, na ya rasi ya kusini ina mambo yake. Alizigawa, na sehemu ambazo namba hazikumsaidia akaacha kuzitolea utabiri. Ofisa wa kikoloni anayemwambia bosi wake kwamba kwa eneo hili sina la kusema, huyo ni mtu wa pekee kidogo.

Niwape kisa kimoja ambacho hakihusu mvua, kwa sababu najua wengi mtakikumbuka hata mkisahau mengine yote. Mapema mwaka 1913 Walker alipita Madras kikazi. Pale bandarini kulikuwa na karani wa mahesabu aliyelipwa rupia 30 kwa mwezi, kijana aliyekuwa amedisko chuo zaidi ya mara moja kwa sababu aliweza hisabati peke yake na masomo mengine hakuyagusa. Wakubwa wake walimwonyesha Walker madaftari ya kijana huyo. Walker, ambaye ilikuwa imepita karibu miaka kumi tangu aache hisabati tupu, aliyaangalia akaona kwamba haelewi yote, na kwamba kutoelewa kwake ni dalili nzuri. Mwezi Februari akamwandikia msajili wa Chuo Kikuu cha Madras akiomba kijana apewe fedha za kusoma bila kuhangaikia tumbo. Chuo kikampa rupia 75 kwa mwezi, bila shahada, bila vyeti vilivyokamilika. Kijana aliitwa Srinivasa Ramanujan. Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda Trinity, chuo kilekile cha Walker. Wengine walimsaidia Ramanujan zaidi, lakini barua ile ilikuja wakati hasa iliyohitajika, na iliandikwa na mtu ambaye hakuwa na cha kupata.

Miaka ya vita ilipita kazi ikiwa palepale. Alioa mwaka 1908, wakapata mtoto wa kiume na wa kike. Simla aliwatazama tai na mwewe wakipaa bila kupiga mbawa, akaandika juu ya hilo pia, na filimbi aliipiga na kuichunguza vilevile. Mwaka 1918 mvua ikaanguka chini ya wastani kwa takriban asilimia 25, mwaka mbaya kuliko yote aliyowahi kuyaona, na homa ya mafua ikawakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika kwa njaa. Miaka 14 kazini, na ukame mkubwa bado ulikuwa ukame mkubwa.

Ila katika rundo lile la namba kulikuwa na kitu kikubwa kuliko alichokitafuta. Wengine walikuwa wamekiona kwa mbali; Norman Lockyer na mwanawe walishagundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda India hushuka Argentina. Walker aliunganisha ramani yote. Hewa inapokuwa nzito juu ya Bahari ya Pasifiki, inakuwa nyepesi juu ya Bahari ya Hindi, kuanzia Afrika hadi Australia. Baada ya mwaka mmoja au miwili au zaidi, mambo hugeuka. Bembea moja, watoto wawili, mmoja amekaa karibu na Tahiti na mwingine Jakarta. Mwaka 1924 akaipa jina ambalo kwa lugha yetu ningeliita Bembea ya Kusini. Akaeleza pia bembea mbili ndogo zaidi za kaskazini, moja juu ya Atlantiki na nyingine juu ya Pasifiki ya kaskazini. Ile ya kusini inapoegemea upande mmoja, mvua ya India hupungua, Nile hushuka, mvua ya Jakarta huchelewa.

Mwaka huohuo alistaafu India, akapewa cheo cha Sir, akarudi London kuwa profesa wa hali ya hewa katika Chuo cha Imperial hadi 1934. Aliendelea kuzichambua namba hadi karibu na miaka 70. Mwaka 1931 alitoa milinganyo ya kutafuta mapigo yaliyojificha ndani ya mfululizo wa takwimu, ambayo leo ina jina lake pamoja na la Yule. Wanaosoma takwimu au uhandisi wa mawasiliano mwaka wa tatu wameihesabu bila kujua kwamba ilizaliwa kwa ajili ya bembea ya hewa.

Lakini wenzake wengi hawakumwamini. Walisema: umetuonyesha kwamba Santiago na Bombay wanabembea pamoja, haya, kamba iko wapi? Ni nini kinachosukuma? Hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba uhusiano upo, na kwamba pengine sababu iko baharini, chini ya mahali ambapo yeye alikuwa na vipimo. Baadhi ya uhusiano aliouamini ulianza kufifia miaka ilivyosonga, na hilo liliwapa wapinzani furaha. Alipokufa, hata maandishi ya kumkumbuka katika jarida la wataalamu wenzake, jarida ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwa mhariri wake, yalionyesha kwamba matumaini yake makubwa yalikuwa hayaelekei kutimia.

Na kuna kejeli chungu zaidi. Charles Normand, mmoja wa waliokuja kuiongoza idara ileile ya India, alionyesha mwaka 1953 kwamba bembea ya Walker inasema vizuri yatakayotokea baada ya monsuni kuliko kabla yake. Yaani mvua ya India inatoa habari kwa dunia kuliko inavyopokea. Walker alitumia miaka 20 kutafuta nani anaipa monsuni amri, na kumbe monsuni yenyewe ni mmoja wa watoa amri. Ukiwa umekaa Aprili unajaribu kutabiri Julai, unakuwa umekaa kwenye kona mbaya kabisa ya mwaka, wakati ambapo bembea iko katikati na hujui itaelekea wapi.

Mambo hayo hayajaisha hadi leo. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kubwa sana, wataalamu wakaiogopea India, na India ikapata mvua ya kawaida kabisa. Waliozama ni sisi huku Afrika Mashariki, vuli ile iliyovunja madaraja na barabara ambayo wazazi wetu wanaisimulia hadi leo. Mwaka 2002 India ilikuwa na mlinganyo wa vipengele 16, mjukuu wa ule wa vinne. Ukasema mvua itakuwa ya kawaida. Julai yake ikakosa karibu nusu ya mvua, na msimu ukafunga na upungufu wa asilimia 19. Mlinganyo ukawekwa pembeni.

Nilimpigia mama kumweleza haya. Alisikiliza kwa subira kubwa habari za Simla na bumerangi, kisha akauliza kama huyo mzee alikuwa na shamba. Nikasema hapana. Akasema, aa. Tangu siku hiyo anapanda nusu mvua za kwanza, nusu nyingine anaisubirisha, redio iseme isemavyo, na sioni kwamba Walker angempinga. Yeye mwenyewe alitoa utabiri kwa maneno ya uwezekano na akaunyima kwa maeneo asiyoyajua. Kilichopotea njiani, kati ya meza yake na sikio la mkulima, ni hayo maneno ya uwezekano. Redio ilisema wastani hadi juu ya wastani. Haikusema kwamba wastani una shimo la siku 23 katikati.

Walker alifariki tarehe 4 Novemba 1958 huko Coulsdon, Surrey, akiwa na miaka 90. Ulikuwa mwaka ambao wanasayansi wa nchi nyingi, katika mpango wa pamoja wa kuipima dunia ulioanza Julai 1957, walikuwa wanapima bahari na hewa kuliko wakati wowote uliotangulia, zikiwemo sehemu za Pasifiki ambazo zamani hazikuwa na kipimo. Kwa bahati kulikuwa na El Niño. Maji ya Pasifiki ya kati yalipata joto, na upepo wa mashariki juu yake ukalegea. Namba hizo zilikaa kwenye makabati miaka kadhaa, mpaka Jacob Bjerknes, mtaalamu wa Kinorwe aliyefundisha Los Angeles, alipozifungua na kuiona kamba: bahari inaisukuma hewa, hewa inaisukuma bahari, na ndiyo maana bembea haisimami. Mwaka 1969 akauita mzunguko huo wa hewa, unaopanda upande wa Indonesia na kushuka upande wa Amerika ya Kusini, Mzunguko wa Walker. Vipimo vilivyoujibu ubishi ule vilikuwa vinaandikwa kwenye daftari za visiwani wiki ileile aliyokuwa anazikwa.